Ng'ombe wa Doktora

Jumatatu, 16 Septemba 2002. Kamembe.

Nimeamua kufanya doktora ya hesabu. Niliamua saa nne asubuhi nikichambua mchanga kwenye sambaza za Maman, wale dagaa wa ziwani anaouza sokoni, mikono inanuka samaki. Doktora ni digrii ya mwisho. Ukishaipata, hakuna tena mtu duniani anayeweza kukupa mtihani. Hilo peke yake linatosha.

Niandike mambo jinsi yalivyo, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Jumamosi walibandika matokeo chuoni, ng'ambo ya mpaka, Bukavu, Kongo. Nimemaliza lisansi, yaani digrii, ya hesabu kwa asilimia hamsini na nane. Mbele ya jina langu, Odette Uwimbabazi, wameandika Satisfaction. Wanafunzi tunaiita satis tu. Nilikuwa wa kumi na moja kati ya ishirini na mbili. Mtu akitaka kuwa wa katikati kwa makusudi, hawezi kulenga vizuri hivyo.

Mirindi, wa darasa letu, alipata sabini na moja. Distinction. Akaja kunipa mkono mbele ya watu. Mtu aliyekushinda akikufuata kukupa mkono, anatafuta nini? Nitachunguza.

Leo asubuhi ikaja barua ya ofisi ya elimu. Nimepewa kazi: mwalimu wa hesabu, mwaka wa kwanza wa sekondari, Bweyeye, kuanzia tarehe 7 Oktoba. Bweyeye iko pembeni ya msitu wa Nyungwe. Gari likifika huko, watu wanaacha kulima waje kuliangalia. Nilikaa chini. Halafu nikaona mstari mdogo mwishoni: anayeendelea na masomo ya juu ataachiwa, akileta barua ya profesa wake. Niliusoma mara tatu.

Ndipo nikaipenda sana hesabu.

Nikamwambia Maman. Akauliza kama madokta wa hesabu wanapiga sindano. Nikasema hapana, wanavumbua mambo mapya ya hesabu ambayo hakuna mtu anayeyajua. Alitikisa ungo kidogo, akauliza:

"Na bile binajulikana, umeisha kubijua byote?"

Nikaendelea kuchambua sambaza. Maman hana elimu ya kuelewa mambo hayo.


Jumanne, 17 Septemba

Doktora inahitaji uvumbuzi. Nimeupata leo saa tatu asubuhi, sokoni.

Nilikuwa ninapanga sambaza kwenye meza ya Maman. Nikaweka mmoja. Nikamzungushia watatu: wakawa wanne, mraba mzuri. Nikaongeza watano: tisa, mraba. Nikaongeza saba: kumi na sita. Nikasogeza mizani pembeni. Tisa wengine, ishirini na tano. Kila nikiruka namba moja, mraba unatoka wenyewe. Wateja walikuwa wanasubiri. Niliwaomba wasiguse meza, wanaharibu sayansi. Maman aliniuliza kama nimekunywa kitu.

Saa hiyohiyo akatokea Mirindi. Mama yake ananunua sambaza Kamembe na kwenda kuziuza Bukavu, naye humbebea mabeseni tangu mitihani iishe. Akatazama meza. Akasema, kwa upole, kwamba jambo hilo Wagiriki walilijua zamani sana, kabla ya Yesu. Angecheka ningemsamehe. Ule upole ndio mbaya.

Basi nikamuuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, barua ya doktora inatolewa na nani. Akasema ni profesa Mukengere peke yake, yule wa somo la Analizi, maana ndiye mwenye doktora ya hesabu upande wetu wote. Lakini siku hizi profesa hasikii la mtu. Kijana wake anaoa, na wakwe, Bashi wa ndani kabisa, wale wenyeji wa vijiji vya upande wa Bukavu, wanataka mahari ya ng'ombe wa Rwanda mwenye pembe ndefu, tena mwenye mimba. Profesa anatafuta tangu Julai.

Nikasema pole yake. Usoni sikuonyesha kitu. Kaka yake Maman, mjomba Cassien, anafuga ng'ombe huko Nkungu.

Mirindi aliniachia nakala ya daftari lake la Analizi. Sikuliomba. Nimeliweka chini ya godoro.


Alhamisi, 19 Septemba

Nimevuka daraja la mpakani kwenda kumwona profesa. Nilivaa sketi ya Pasaka.

Profesa Mukengere ni mtu mfupi, chaki kwenye mkono wa koti hata wakati wa likizo. Hapendi sifa. Mwaka juzi mwanafunzi mmoja alimwambia masomo yake ni matamu kama asali, akamtoa ubaoni. Kwa hiyo sikumsifu. Nilimwambia tu nataka doktora, na ninaomba barua.

Akafungua kitabu chake cha alama. Akanitafuta kwa kidole. Analizi: kumi juu ya ishirini.

"Mademoiselle Odette," akasema, "hii kumi niliiangaliaka mara mbili mbele ya kuiandika."

Nikasema nilisikia anatafuta ng'ombe.

Akaweka kalamu chini. Nikaendelea haraka. Mjomba wangu anaye mmoja, pembe ndefu kama mikono ya padri akibariki, mtulivu, na ana mimba.

"Iko na mimba kweli?"

"Kweli, Prof."

Ukweli ni kwamba sijaonana na mjomba tangu Krismasi, na ng'ombe simjui hata rangi. Lakini ng'ombe wengi ni watulivu. Na mimba ni kitu cha kawaida kwa ng'ombe.


Jumamosi, 21 Septemba

Nkungu. Nimerudi na jeraha la goti.

Ng'ombe yupo, na anaitwa Gaju. Rangi ya udongo wa hapa, na pembe ni za kweli, hapo Mungu alinisaidia. Utulivu haupo. Nilipoenda kumsalimia alinisukuma kwenye mtaro. Mjomba Cassien alisema hiyo ni dalili ya kwamba amenipenda.

Mjomba hakutaka kumuuza. Nikamweleza kuhusu doktora. Naye akauliza kama nitapiga sindano. Mwishoni akakubali, kwa sababu anahitaji bati za nyumba, na akasema bei watapatana wenyewe na profesa.

Nikauliza habari ya mimba. Akakuna kichwa.

"Ndume ya jirani ilikuya mara mbili. Kila mara, ni nusu kwa nusu. Sasa ile ingine, Mungu njo anajua."

Hapa ndipo elimu inapoonekana. Mara ya kwanza, nusu. Mara ya pili, nusu. Nusu na nusu ni moja. Moja ni hakika. Mjomba amefuga miaka thelathini na hajawahi kufikiria kujumlisha.

Niliandika yote kwenye karatasi safi, kwa mwandiko wa mtihani, kichwa cha habari "Hesabu ya Mimba ya Ng'ombe Gaju", nikapiga mstari chini na kutia sahihi. Nitampa profesa. Ataona kuwa sikuja na ng'ombe tu. Nimekuja na utafiti.


Jumapili, 22 Septemba

Baada ya misa nilitoa daftari la Mirindi chini ya godoro, nione hila zake.

Limeandikwa vizuri mno. Pembeni, sehemu tatu, ameandika kwa penseli: "Odette, hapa polepole." Ananiona mimi mtu wa polepole. Nikasoma hapo ili nimkasirikie vizuri. Nikaelewa. Miaka miwili sikujua kwa nini wanaanza na ile herufi ndogo ya Kigiriki kabla ya kitu kingine chochote, na leo nimejua, kwenye kigoda cha jikoni, kabla maharagwe hayajaiva.

Nikalifunga. Sitaki kumshukuru mtu.


Jumatano, 25 Septemba

Profesa amekuja Nkungu. Amekuja na Mirindi. Nilipouliza kwa nini Mirindi, nikaambiwa anajua kukokota ng'ombe. Bila shaka. Hakuna asichokijua.

Gaju alikaa kama mtawa. Alimnusa profesa mkono wa koti, akalamba chaki. Profesa akacheka. Sijawahi kuona meno yake. Mjomba akamletea maziwa ya mtindi, wakakaa, wakapatana, wakapeana mikono. Tutamshusha Gaju mimi na mjomba hadi mpakani wiki ijayo, Jumanne, maana ndiyo siku profesa anaweza kuja kumpokea.

Nikampa ile karatasi yangu. Aliikunja bila kuisoma, akaiweka mfuko wa ndani. Nilisikitika kidogo. Nikamkumbusha kuhusu barua.

"Ngombe ni ngombe," akasema. "Barua ni barua. Haba bawili habaoane."

Nimefurahi. Ametaja barua mara mbili.


Jumanne, 1 Oktoba

Tulitembea tangu alfajiri. Mjomba mbele na kamba, mimi nyuma na fimbo, Gaju katikati na maoni yake. Kila shamba la njiani aliliona lake.

Tulipofika karibu na daraja, tukakuta hakupitiki. Askari wetu wanarudi nyumbani kutoka Kongo. Malori yanavuka moja baada ya jingine, vijana wamekaa juu ya mizigo, wengine wamesinzia na vinywa wazi. Watu wamepanga mistari barabarani. Wanawake wengine wanapiga makofi, wengine wanatazama tu nyuso, moja moja, hadi lori la mwisho. Na sisi pale, na ng'ombe.

Askari wa mpakani akatuambia mnyama havuki leo wala kesho. Turudi Alhamisi.

Kwa hiyo Gaju yuko kwetu, uani, amefungwa kwenye nguzo ya jiko. Maman alimzunguka mara moja, akiangalia pembe. Aliingia ndani na ungo wake, akafunga mlango.


Jumatano, 2 Oktoba

Gaju amekula matembele ya jirani yetu Mukamazimpaka. Bustani yote. Aling'oa nguzo ya jiko, akaburuta kamba, akapita kwenye ua kama mtu aliyealikwa.

Mukamazimpaka ni mwanamke ambaye hata usipomkosea unaona umemkosea. Leo amekosewa kweli, na nilimwona amefurahi. Alisimama kwenye mlango wetu saa nzima. Alianza na matembele, akapita kwa kuku wetu wa mwaka 1999, akafika kwangu: eti binti wa miaka ishirini na nne, amesoma hadi amemaliza vitabu, kazi imemjia mkononi, yeye anachunga mjini ng'ombe wa Mushi, mtu wa ng'ambo.

Nilimweleza kwamba huyu ng'ombe ni sehemu ya masomo ya juu. Akanigusa paji la uso.

"Maman Odette," akamwita mama yangu, "muntoto wako iko na homa."

Maman akampa beseni la sambaza. Akaondoka nalo akiwa bado anasema. Halafu Maman akaniambia kwamba amenisomesha miaka yote kwa hizo sambaza, na hajawahi kuona zinapungua haraka kama wiki hii. Hakusema kwa hasira. Nilichukua jembe, nikaenda kumpandia Mukamazimpaka matembele mapya. Mistari saba, yenye nafasi sawa. Alisema imepinda.


Alhamisi, 3 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye daktari wa mifugo.

Mpakani, ng'ombe hapiti bila kupimwa. Nilikuwa sijui. Tulikuwepo wote upande wetu wa daraja: mimi, mjomba Cassien, profesa aliyevuka kuja kumpokea ng'ombe wake, Mirindi na kamba mpya. Nyuma yetu mstari mrefu wa wamama wanaosubiri kuvuka na mabeseni kichwani. Daktari, kijana mpole mwenye buti, akavaa glavu ndefu hadi begani, akampima Gaju huku anaangalia mawingu. Akatoa mkono.

"Hakuna kintu," akasema. "Imenona tu."

Mjomba akaniangalia. Mirindi akaangalia viatu vyake. Profesa akatia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi yangu, akaikunjua na kuisoma. Yote. Akiwa amesimama pale, mbele ya watu. Aliisoma jinsi anavyosomaga kopi za mtihani, anarudi nyuma, anaenda mbele tena.

"Mademoiselle Odette. Ndume ilikuya mara mbili?"

"Ndiyo, Prof."

"Nusu, na nusu. Moja."

"Ndiyo, Prof."

"Na ingekuya mara ya tatu? Ngombe ingekuwa na mimba moja na nusu?"

Mama mmoja mwenye beseni la unga alianza kucheka, akashika beseni, akashindwa. Kicheko kikapita mstari wote hadi mwisho. Wa mwisho hawakujua hata sababu. Mimi nilikuwa natafuta ardhi ifunguke, lakini pale ni mwamba.

Profesa akasema haya, twende tu, atawaeleza wakwe zake mwenyewe. Akavuta kamba. Gaju akaweka mguu mmoja kwenye daraja, akasikia mbao zinalia, akaona maji ya Ruzizi chini yanakimbia. Akarudisha mguu. Akalala chini pale pale mlangoni mwa daraja, na ikawa basi.

Tulisukuma. Tulimbembeleza. Mjomba akamwimbia jina lake na majina ya mama zake. Mirindi akasukuma kwa nyuma, kisayansi, akapigwa mkia usoni (niliandika hili kwanza kwenye kiganja nisisahau). Mwisho mjomba na Mirindi wakaenda kutafuta majani ya kumvutia, nikabaki mimi na profesa, tumekaa juu ya jiwe, ng'ombe anacheua mbele yetu.

Profesa alikung'uta majani kwenye koti. Halafu akauliza kwa nini ninataka doktora.

Nikasema kwa maendeleo ya nchi. Akatupa jiwe dogo majini. Nikasema kwa ajili ya sayansi ya Afrika. Akatupa la pili. Nikasema basi, ni kwa sababu ya Bweyeye, sitaki kwenda Bweyeye.

"Hiyo njo ya kwanza ya kweli," akasema. "Iko ingine?"

Sijui kwa nini nilisema. Labda kwa uchovu. Nilimwambia tulitoka Uvira, huko Kongo, mwaka 1996, mimi nina miaka kumi na nane, tukaja huku kwetu ambako sikuwahi kufika. Huku wakacheka Kinyarwanda changu. Nikaenda kusoma Bukavu, kule wakisikia ninatoka Rwanda wananyamaza, na kwa vita hivi siwalaumu. Ni ubaoni tu hakuna aliyeniuliza ninatoka wapi. Mbili na mbili ni nne pande zote za daraja hili. Hata nikikosa, ninakosa kama mtu mwingine yeyote.

Profesa alitoa leso, akapangusa miwani. Ilikuwa safi.

Halafu, badala ya kunijibu, akanifundisha ile hesabu. Akachora kwa fimbo mavumbini. Nafasi ya kukosa mara ya kwanza ni nusu. Kukosa tena, ni nusu ya hiyo nusu, yaani robo. Basi kupata mimba ni robo tatu. Robo tatu ni nyingi, akasema, lakini si hakika.

Nikaangalia ile michoro. Kitu kikanisumbua. Nikamwambia: "Lakini Prof, kama shida ni ya ndume mwenyewe? Hata aje mara mia, ni bure. Kukosa kwa kwanza kunatuambia kitu juu ya kukosa kwa pili. Tunawezaje kuzidisha kama vile hawajuani?"

Aliacha fimbo hewani. Akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia kwa miaka yote. Akauliza nani ameniambia hayo. Nikasema hakuna mtu, ni vile tu yule ndume wa jirani ninamjua, tangu zamani hana sifa.

"Mirindi hangeuliza hiyo," akasema.

Nimeiandika neno kwa neno. Mirindi hangeuliza hiyo. Nimeipigia mistari miwili.

Baada ya hapo mambo yalikuwa rahisi. Mstari wa wamama ukaruhusiwa kuvuka. Yule aliyeanza kucheka alikuwa na kifuko cha pumba juu ya beseni lake la unga. Akapita karibu na Gaju. Gaju akanusa, akainuka, akamfuata mpaka ng'ambo kama binti anayemfuata mama yake sokoni, mbao zinalia, yeye hajali. Profesa na Mirindi wakabaki wanamkimbilia nyuma na kamba. Mjomba alirudi na majani, akakuta hakuna ng'ombe. Alikasirika, maana bei imeshuka kwa sababu ya kukosa mimba, na alinisema njia nzima ya kupanda Kamembe. Lakini nilimwona akiangalia ng'ambo mara nyingi, na jina la Gaju alilitaja kwa sauti ya chini.


Ijumaa, 4 Oktoba

Mirindi ameleta bahasha kutoka kwa profesa, imefungwa kwa gundi, na kitabu kinene. Akasema wakwe wa profesa wameziona pembe, hawakuuliza tena habari ya mimba. Akasema pia nimefanya vizuri jana. Halafu akaondoka bila kusema anataka nini. Huyu mtu atanichosha.

Bahasha. Barua za profesa zinazofungwa hazisomwi na mwanafunzi, zinapelekwa ofisini zikiwa zimefungwa. Hilo ninalijua. Lakini siwezi kupeleka kitu nisichokijua. Nikaishika juu ya sufuria ya Maman, mvuke ukalegeza gundi polepole. Robo saa. Vidole viliungua. Sasa bahasha inanuka sambaza.

Nilipoigeuza nikaona upande wa pili ameandika: "Kwa Mademoiselle Odette Uwimbabazi, mwenyewe."

Ndani ni karatasi moja. Anasema hataniandikia barua ya kunitoa Bweyeye. Doktora haikutengenezwa kwa ajili ya kukimbilia. Anasema niende nikafundishe, maana anayefundisha sehemu, zile nusu na robo, kwa watoto hamsini atazijua sehemu. Kitabu ni chake, alikitumia Ulaya. Kina mazoezi mia nne na kumi na mawili. Niyafanye yote, kwa mkono wangu mwenyewe, bila haraka. Anafikiri ni miaka miwili. Siku nikimletea daftari limejaa, atanisimamia yeye. Na mwisho: "Kumi yako ilikuwa kumi ya kweli. Lakini swali lako la jana sikuwa nimelitayarishia alama."

Nililia kidogo. Ni mvuke.

Maman akauliza profesa anasema nini. Nikamwambia hajakataa, na hajakubali. Akakaa karibu yangu, akashika kile kitabu, akakipima uzito kama anavyopima samaki.

"Anataka ukifanye kwanza," akasema. "Muntu akikupatia kazi nguvu hivi, anakuona."

Halafu akatoa sanduku juu ya kabati akaanza kunipangia nguo za baridi. Hakuniuliza kama ninaenda.


Jumapili, 13 Oktoba. Bweyeye.

Wiki ya kwanza imekwisha. Gari lilitufikisha nusu ya njia, likakataa, tukatembea saa nne kwenye matope, sanduku kichwani mwa mama mmoja asiyenijua ambaye hakukubali nilibebe. Asubuhi msitu unafuka moshi mweupe na nyani wanagombana kama kamati. Mkurugenzi wa shule, mwanamke mzee anayeitwa Nyiransabimana, alinipa chumba chenye kitanda na dirisha, akaniambia nisiache sabuni nje.

Nina wanafunzi hamsini na mmoja. Wananyamaza nikiingia, wote kwa mara moja. Hata Mirindi hajawahi kunyamaziwa hivyo. Jumanne niliwauliza swali, mikono thelathini ikapanda. Nilisahau nilichokuwa nimeuliza.

Nimeanza kitabu. Zoezi la kwanza limenichukua siku nne. Nililikosa mara tano, na Alhamisi, nikiwa ninafua, likatoka. Lote, safi, na hakuna mtu aliyenisaidia. Nilikimbia ndani na povu mikononi nikaliandika. Nilikaa nalo nikilitazama. Sijawahi kuwa na kitu changu hivyo. Nilijisemea kwamba profesa amesema kweli, kazi hii haina njia ya mkato, na mtu akiipenda hata miaka miwili si mirefu.

Zoezi la pili halitoki.

Nimelijaribu tangu Ijumaa. Leo baada ya misa nikakaa nikafikiri vizuri, kwa utulivu, kama mtafiti. Yamebaki mazoezi mia nne na kumi na moja. Wanafunzi ni hamsini na mmoja. Kila mmoja akichukua manane, yanabaki matatu tu. Profesa amesema nifanye kwa mkono wangu mwenyewe: sawa kabisa, watoto watapata majibu, mimi nitayanakili, na mkono wa kunakili ni wangu. Daftari litakuwa limejaa kabla ya Krismasi. Atashangaa.

Kuna kizuizi kimoja. Bado hawajui sehemu. Lakini nimepanga ratiba: kesho sehemu, Jumatano aljebra yote, wiki ijayo Analizi. Wana akili, na jioni hawana kazi nyingi.

Yale matatu yaliyobaki nitayatuma kwa Mirindi. Nitamwandikia kwamba mwanafunzi wangu mmoja ameniuliza, na mimi ninataka tu kuona kama na yeye anajua.